Tozo na Fadhila: Njia za Kugharamia Teknolojia ya Lugha Vyuoni, kwa Mfano wa Kipkelion na Nchi ya Chai

1. Utangulizi

Kipkelion ni mji mdogo wa kaunti ya Kericho nchini Kenya, kando ya reli iliyofika Kisumu mwaka 1901. Kwa miongo mingi kituo chake cha gari la moshi kiliitwa Lumbwa, jina ambalo wageni waliwapa Wakipsigis na ambalo Wakipsigis wenyewe hawakujiita. Upande wa juu wa nchi hiyo hustawi chai. Upande wa chini, kuelekea Fort Ternan na bonde la Nyando, hustawi kahawa na miwa. Nyumbani husemwa Kikipsigis. Sokoni na kwenye mashamba makubwa, ambako watu wa makabila mengi hukutana, husemwa Kiswahili. Barua za kiwanda, hati za mikopo na maelezo ya dawa za mimea aghalabu huandikwa kwa Kiingereza.

Hali hii ya lugha tatu si ngeni kwa wanaisimu wa Afrika ya Mashariki. Jambo jipya ni kwamba siku hizi maarifa ya mkulima hupita zaidi na zaidi katika simu ya mkononi, na simu hiyo imeanza kusikiliza na kusema. Mashine inayosikia Kiingereza lakini haisikii Kikipsigis humwacha nje ya mlango mtu yule yule ambaye ilidaiwa kuwa imeundwa kwa ajili yake. Kuifanya isikie ni kazi inayohitaji wanaisimu, wahandisi, wasemaji wa lugha, na fedha. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa inafanywa vyuoni, na vyuo vyenyewe havina fedha za kutosha.

Makala haya yanachunguza swali moja: nani hulipia uvumbuzi wa kiteknolojia unaofanywa kwa ushirikiano katika chuo kikuu, na namna ya kulipa huathirije kazi inayozaliwa? Swali linajibiwa kwa kulinganisha mambo mawili ambayo ni nadra kuwekwa pamoja: utafiti wa chai mjini Kericho, na utafiti wa teknolojia ya lugha katika vyuo vya Afrika ya Mashariki. Hoja inayotetewa ni kwamba taasisi za lugha zina mengi ya kujifunza kutoka kwa jirani huyu wa shambani, hasa kuhusu muda, umiliki na nafasi ya mtumiaji.

2. Maneno yanayotumika

Kabla ya kuendelea, yafaa istilahi chache zitazamwe, kwa maana kila moja hubeba uhusiano wa watu ndani yake.

Neno ufadhili limejengwa juu ya kitenzi fadhili, chenye asili ya Kiarabu, na lina maana ya kumtendea mtu wema asioudai. Mfadhili hutoa kwa hiari yake, mfadhiliwa hushukuru. Katika uhusiano huo anayepokea hana haki ya kudai, na anayetoa anaweza kukoma wakati wowote. Methali isemayo kwamba fadhila ya punda ni mateke humlaumu mpokeaji asiye na shukrani. Kiswahili hakina methali mashuhuri kama hiyo inayomlaumu mfadhili aliyeondoka kazi ikiwa nusu.

Ruzuku, kwa upande wake, hutokana na riziki, na katika matumizi ya serikali humaanisha fedha ambazo mamlaka hutenga kila mwaka ili jambo fulani liendelee. Mchango ni tendo la wengi: kila mtu huchanga chake, kikaingia katika kapu moja, na wote wakawa na neno juu ya kilichomo. Tozo, au sesi kama wanavyoiita wakulima wengi wa Kenya, ni mchango uliopewa nguvu ya sheria: fedha hukatwa katika mazao kabla hayajamfikia mwenyewe, lakini mkatwaji anajua zinakokwenda na anaweza kuuliza.

Ama kuhusu uvumbuzi na ubunifu, waandishi wengi huyatumia maneno haya kana kwamba ni visawe. Katika makala haya uvumbuzi ni kupata kitu au njia ambayo haikuwako, na ubunifu ni uwezo wa akili unaouzaa uvumbuzi huo. Teknolojia ya lugha huhitaji yote mawili, lakini huhitaji pia jambo la tatu ambalo halina sifa kubwa: utunzaji. Kamusi isiyosahihishwa, kopasi isiyohifadhiwa na programu isiyorekebishwa hufa kimyakimya. Utunzaji ndio unaokosa mfadhili mara nyingi zaidi.

3. Mfano wa kwanza: maarifa yanayopita

Kipkelion inajulikana katika sayansi kwa sababu ambayo haihusiani na chai wala lugha. Fort Ternan, iliyo katika eneo hilo, ndipo Louis Leakey alipochimba mabaki ya kiumbe wa kale aliyeishi takribani miaka milioni 14 iliyopita. Mwenye shamba, mkulima aliyeitwa Fred Wicker, ndiye aliyeviona visukuku shambani mwake na kumpelekea Leakey habari. Uchimbaji ulifanywa mwaka 1961, na mwaka uliofuata kiumbe huyo aliitwa Kenyapithecus wickeri, kwa heshima ya mkulima huyo.

Hapa ushirikiano ulikuwapo: mtu wa mahali alitoa fununu, mtaalamu akatoa elimu, fedha zikatoka mbali, na makumbusho ya Nairobi yakatoa hifadhi. Matunda yake yalikuwa makubwa kwa elimu ya asili ya binadamu. Lakini ugunduzi huo haukuacha Fort Ternan taasisi wala shule ya fani hiyo. Maarifa yalipita mahali pale kama gari la moshi lipitavyo kituoni: likasimama, likapakia, likaondoka.

Huo si ubaya wa mtu yeyote. Ndivyo zinavyofanya kazi fedha zilizotengwa kwa ajili ya kupata kitu fulani, si kwa ajili ya kujenga mahali. Mwanaisimu asome habari hii kwa uangalifu, kwa kuwa sehemu kubwa ya utafiti wa lugha za Afrika, tangu enzi za wamisionari hadi leo, imefuata mtindo huo huo: sauti hukusanywa kijijini, nazo huhifadhiwa ng'ambo.

4. Mfano wa pili: utafiti wa chai

Kilomita chache kutoka mji wa Kericho liko shamba la Timbilil, makao ya utafiti wa chai. Historia yake inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu imepitia karibu kila njia ya kugharamia uvumbuzi iliyowahi kujaribiwa katika eneo hili.

Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1903 huko Limuru. Kilimo chake cha biashara kilianza Kericho katikati ya miaka ya 1920, kampuni kubwa za Uingereza zilipofungua mashamba. Mwaka 1951 iliundwa Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Afrika ya Mashariki, yenye makao Kericho, kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, kazi hiyo ilirithiwa na Wakfu wa Utafiti wa Chai wa Kenya, ulioanzishwa mwaka 1980. Kufuatia sheria ya mwaka 2013 iliyounganisha taasisi za utafiti wa kilimo, wakfu huo uligeuzwa kuwa taasisi chini ya shirika la KALRO.

Kwa sehemu kubwa ya historia hiyo, fedha zilitoka katika tozo iliyokatwa kwenye chai yenyewe. Kampuni kubwa ilikatwa, na mkulima mdogo mwenye robo ekari alikatwa pia, kwa kadiri ya chai yake. Tangu kuundwa kwa mamlaka ya mazao maalumu mwaka 1960, ambayo mwaka 1964 ikawa KTDA, wakulima wadogo waliongezeka hata wakafikia kutoa zaidi ya nusu ya chai yote ya Kenya. Kwa hiyo tozo ilikuwa mchango wa mamia ya maelfu ya kaya. Kila kaya ilitoa kidogo, na haba na haba ikajaza kibaba.

Tozo hiyo ilizaa nini? Kwanza, ilizaa miche bora. Mti wa chai ukioteshwa kwa mbegu hautabiriki. Kila mche huwa na tabia zake. Watafiti huchagua mti mmoja uliozidi mingine, wakakata tawi lake katika vipande vyenye jani moja moja, wakaviotesha kitaluni, na kila kipande kikawa nakala ya mti mama. Kwa njia hii zilipatikana aina zenye mavuno mengi na ladha nzuri, na aina inayoitwa TRFK 6/8 ikaenea sana katika mashamba ya wakulima wadogo. Mwaka 2011 ilitolewa TRFK 306, yenye majani ya rangi ya zambarau, baada ya uchunguzi wa takribani miaka 25.

Miaka 25 ni muda unaopaswa kutiliwa mkazo. Hakuna mfadhili wa mradi wa miaka miwili ambaye angeingoja chai ya zambarau. Iliwezekana kwa sababu fedha zilikuja kila mwaka kutoka kwa watu ambao wao wenyewe walikuwa na miti ya kupandwa upya, na ambao watoto wao wangeirithi.

Hata hivyo haifai kuisifu tozo kupita kiasi. Tozo hutegemea siasa na bei. Mwaka 2016 tozo ya chai iliondolewa kwa nia ya kumpunguzia mkulima mzigo, na utafiti ukapoteza nguzo yake. Sheria ya Chai ya mwaka 2020 ndiyo iliyoweka tena msingi wa kisheria wa tozo na kuutaja utafiti miongoni mwa mambo ya kugharamiwa. Aidha, tozo haimhakikishii kila mhusika sauti. Mkulima hulipa tozo, lakini mchumaji wa kibarua halipi, wala haulizwi. Mwezi Mei mwaka 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto huko Kericho katika maandamano ya watu walioziona zikiwanyang'anya kazi. Mashine zile zilikuwa uvumbuzi halisi, na hesabu zake za gharama zilikuwa sahihi. Walioathirika nazo hawakuwa na nafasi katika kapu la waamuzi.

5. Mfano wa tatu: teknolojia ya lugha

Historia ya kugharamia utafiti wa Kiswahili inafanana na ya chai kuliko inavyodhaniwa. Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1930 iligharamiwa kwa michango ya serikali nne: Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Makao yake yalihama Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Mombasa, hata yakarudi Dar es Salaam, lakini fedha zake hazikuwa za mradi. Zilikuwa za kudumu. Kwa fedha hizo kamusi zilizohaririwa na Frederick Johnson zilichapishwa mwaka 1939. Mwaka 1964 kamati ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na mwaka 1981 taasisi hiyo, ikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kati ya kuundwa kwa taasisi na kutoka kwa kamusi ilipita miaka 17. Kamusi, kama mche wa chai, haiharakishwi.

Kasoro ya mpango ule wa kikoloni inajulikana: waliolipa ndio walioamua, na waliolipa walikuwa serikali, si wasemaji. Uteuzi wa Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, uliotanguliwa na mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ulipingwa na wapenzi wa Kimvita kwa miaka mingi. Lakini kwa upande wa uendelevu, mpango ule ulikuwa imara.

Kompyuta ilipoingia, mtindo wa fedha ulibadilika. Kuanzia mwaka 1985 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alijenga mfumo wa kuchanganua maneno ya Kiswahili kwa kompyuta, na kati ya mwaka 1988 na 1992 chuo chake na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vilishirikiana kukusanya sauti na matini za lahaja za Kiswahili. Kopasi ya Helsinki imekuwa chombo cha kazi kwa wanaisimu wengi wa Kiswahili. Ni ushirikiano uliozaa matunda, na ulidumu kwa sababu chuo kimoja kiliubeba kwa miongo kadhaa. Ila ghala lake liko Finland.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa Sweden na kwa msaada wa shirika la maendeleo la nchi hiyo, kilitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisini zenye maelekezo ya Kiswahili. Kazi ile iliwalazimu wanaisimu kuamua mamia ya istilahi kwa muda mfupi. Lakini programu za kompyuta hubadilika kila mwaka, na tafsiri ya toleo moja haitoshi kwa toleo la baada yake. Hapa ndipo tofauti ya mradi na taasisi inapoonekana waziwazi: mradi hutoa toleo, taasisi hutoa toleo linalofuata.

Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Africa Nazarene vilishirikiana kujenga kopasi iitwayo Kencorpus, yenye Kiswahili, Dholuo na lahaja tatu za Kiluhya. Ina matini 4,442 zenye maneno yapatayo milioni 5.6, na sauti za saa 177. Fedha zilitoka kwa Lacuna Fund, mfuko ulioanzishwa mwaka 2020 na wafadhili wa ng'ambo kwa ajili ya kujaza mapengo ya data. Baadaye, chini ya mpango uitwao African Next Voices, ambao matokeo yake yalianza kutangazwa mwaka 2025, watafiti wa Kenya, Nigeria na Afrika Kusini walikusanya takribani saa 9,000 za usemi katika lugha 18. Msaada wa wakfu wa Gates ulikuwa dola milioni 2.2. Kwa upande wa Kenya, kazi iliongozwa kutoka Maseno, na miongoni mwa lugha zake zimo Kikuyu, Dholuo, Kimaasai, Kisomali na Kikalenjin.

Kwa njia hii sauti za nchi ya chai zimeingia katika mkusanyiko wa data kwa kiasi ambacho hakikuwako hapo awali. Ni hatua kubwa, na walioifanya ni wanazuoni wa eneo hili wakikaa katika vyuo vya eneo hili. Swali linalobaki ni la mwaka wa tatu, wa tano na wa kumi.

6. Kwa nini Kikipsigis kina gharama

Huenda ikaulizwa kwa nini kazi hii ihitaji fedha nyingi na muda mrefu, ilhali Kikipsigis kina maandishi. Jibu limo katika lugha yenyewe.

Kikipsigis ni mojawapo ya lahaja, au lugha, za kundi la Kikalenjin. Katika sensa ya mwaka 2019 Wakipsigis walihesabiwa kuwa karibu milioni 1.9. Tahajia yake hutumia vokali tano za kawaida. Lakini katika usemi vokali hizo hugawanyika mara mbili, kwa kadiri shina la ulimi linavyosogezwa mbele au kutosogezwa, na tofauti hiyo hubadili maana ya maneno. Tahajia haiionyeshi.

Zaidi ya hayo, Kikipsigis ni lugha ya toni, na kazi ya toni si ya msamiati tu, bali ni ya sarufi. Sentensi huanza na kitenzi, kisha hufuata nomino. Mara nyingi kiima hutangulia yambwa, lakini mpangilio unaweza kugeuzwa. Kinachomwambia msikilizaji nani ametenda na nani ametendewa ni toni ya nomino: nomino iliyo kiima huchukua toni tofauti na ile inayochukua ikiwa yambwa. Katika Kiswahili kazi hii hufanywa na mpangilio na viambishi vya kitenzi. Katika Kikipsigis hufanywa na sauti ambayo maandishi hayaiandiki.

Matokeo yake kwa teknolojia ni mazito. Mashine inayofundishwa kwa maandishi peke yake husoma sentensi ambazo zimeondolewa sehemu ya sarufi yake. Msomaji aliyezaliwa Kipkelion huirudisha sehemu hiyo kwa ujuzi wake. Mashine haina ujuzi huo. Basi ni lazima sauti zirekodiwe, na si sauti tu, bali zinakiliwe na watu wanaojua toni, na kanuni ya unukuzi ikubaliwe kwanza. Kazi ya kukubaliana kanuni haiwezi kufanywa na mhandisi. Taaitta Toweett, mwanasiasa na mwanaisimu aliyekuwa mwenyewe Mkipsigis, alichapisha uchunguzi wake wa isimu ya Kikalenjin mwaka 1979, na wanaisimu wengine wamefuata. Lakini kati ya makala ya isimu na mashine inayosikia, kuna daraja ambalo ni idara za lugha tu zinazoweza kulijenga.

Hii ndiyo sababu ushirikiano hapa si pambo. Mhandisi bila mwanaisimu atajenga mashine inayochanganya mtenda na mtendwa. Mwanaisimu bila mhandisi ataandika makala ambayo mkulima hataifaidi. Na wote wawili bila msemaji hawana kitu.

7. Ulinganisho

Mifano hii mitatu ikiwekwa pamoja, tofauti nne hujitokeza.

Ya kwanza ni muda. Fedha za tozo na za serikali zilikuja kila mwaka. Fedha za mradi huja mara moja. Kwa hiyo mradi hupenda mambo yanayohesabika upesi, kama saa za sauti na idadi ya maneno, na hukwepa mambo yanayokomaa polepole, kama tahajia, sarufi na mafunzo ya wanakili.

Ya pili ni mamlaka ya kuchagua. Anayelipa huchagua lugha, mada na kipimo cha mafanikio. Mfuko wa ng'ambo ukipenda kilimo, sauti zitakuwa za kilimo. Ukipenda afya, zitakuwa za afya. Nia inaweza kuwa njema kabisa, na bado mpango wa idara ukawa unaandikwa kwingine.

Ya tatu ni umiliki. Mche wa chai una jina la taasisi iliyouzalisha. Sauti ya mama wa Kipkelion, ikiisha kuwekwa wazi kwa kila mtu, inaweza kutumiwa na kampuni tajiri kutengeneza bidhaa ambayo jamii yake itauziwa. Sheria za Kenya hazinyamazi juu ya jambo hili. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inaiagiza dola iendeleze na kulinda lugha mbalimbali za wananchi, na ibara ya 11 inaagiza itungwe sheria ya kuzipatia jamii fidia au mrabaha kwa matumizi ya utamaduni wao. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi ilipitishwa mwaka 2016, na ya kulinda data za watu mwaka 2019. Zinazokosekana ni taratibu za idara za kuzitumia sheria hizo wakati rekodi inapofanywa, si baada yake.

Ya nne ni nafasi ya mtumiaji. Moto wa mwaka 2023 ulifundisha kwamba uvumbuzi ulio sahihi kwa hesabu unaweza kukataliwa na wale unaowagusa. Mashine ya kusikia lugha inaweza kukataliwa pia, bila moto: watu wataacha tu kuitumia, kwa sababu inasema Kikipsigis cha mahali pengine, au kwa sababu hawajui sauti zao zinakwenda wapi.

8. Yanayowezekana

Hapana haja ya kuota ndoto. Sheria ya Kenya ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi ya mwaka 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kutamka kwamba hazina iutengee asilimia 2 ya pato la taifa. Kiasi kilichotengwa kimekuwa chini mno ya hapo. Wanazuoni wa lugha wana haki ya kudai sheria itimizwe, lakini wakati wa kungojea wanaweza kufanya mambo manne.

Kwanza, kila ombi la fedha za mradi liwe na fungu la utunzaji, na chuo kiahidi kwa maandishi kulibeba fungu hilo mradi ukiisha. Mfadhili akikataa kulipia utunzaji, afadhali idara ijue hivyo mapema.

Pili, vyuo vigawane kazi na gharama, kama serikali nne zilivyogawana mwaka 1930, lakini safari hii kwa hiari ya wanazuoni wenyewe. Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopata hati ya kujitegemea mwaka 2013, kimo ndani ya nchi ya Kikipsigis. Maseno kina uzoefu wa kopasi. Nairobi na Dar es Salaam vina uzoefu wa kamusi. Hakuna hata kimoja kinachoweza kuimaliza kazi peke yake.

Tatu, vyama vya ushirika vya wakulima viingizwe mapema. Vyama vya chai na kahawa tayari hutumia fedha kuwafikishia wanachama habari. Vikiona kwamba mashine ya kusikia Kikipsigis inapunguza gharama hiyo, vitakuwa na sababu ya kuchangia, na kwa kuchangia vitapata haki ya kuuliza. Hapo msemaji wa lugha ataacha kuwa mfadhiliwa na kuwa mshirika.

Nne, leseni za data zitofautishe watumiaji. Si lazima kuchagua kati ya kufunga kila kitu na kufungua kila kitu. Wanafunzi na watafiti wa Afrika wanaweza kupewa bure kile ambacho kampuni kubwa hupewa kwa malipo, na sehemu ya malipo hayo irudi kutunza kopasi.

9. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba namna ya kulipia uvumbuzi huacha alama yake katika kile kinachovumbuliwa. Fedha za kupita huacha jina. Fedha za mradi huacha toleo la kwanza. Fedha za kudumu, zitokazo kwa wahusika wenyewe, huacha taasisi. Teknolojia ya lugha za Afrika ya Mashariki leo imesimama kwa wingi juu ya fedha za mradi, na imefanya mengi ya kustahili heshima kwa fedha hizo. Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini, na lugha isiyoandikwa toni zake haiwezi kusubiri wafadhili wapokezane zamu.

Wakulima wa nchi ya chai walikatwa sesi zao kwa ajili ya mti ambao wengi wao hawakuuona ukipandwa. Mti ule ulitoka baada ya miaka 25. Idara za lugha zinaweza kuanza na swali dogo kuliko hilo: katika bajeti ya mwaka ujao, ni shilingi ngapi zimewekwa kwa ajili ya rekodi zilizokusanywa mwaka huu? Jibu likiwa hakuna, basi kilichokusanywa bado hakijawa mali ya chuo, wala ya wasemaji wake.